Hesabu ya Chini ya Gome

Kabati lililokuwa la makoti ya Alojz
sasa lina makasha kumi na tisa:
ya plastiki, ya aiskrimu, moja la siagi.
Kila moja nimelitoboa kwa sindano ya moto
nikalibandika namba.
Sijui kuishi na kitu kisicho na namba.

Miaka ishirini na saba nilikaa dirishani,
chumba cha taa, mgodi wa makaa, hapa hapa Bytom.
Mtu akishuka namkabidhi taa,
kibati chake nakitundika msumarini.
Akipanda, nakitundua.
Kazi yenyewe ni hiyo tu:
walioshuka na waliopanda walingane.

Mgodi ukafungwa, lifti ikauzwa kwa kilo.
Nami, ghorofa ya nne, nikachimba wangu:
udongo mweusi vidole vitatu,
kuni iliyooza hadi ikalainika kama mkate kwenye maziwa,
majani ya mwaloni niliyookota makaburini.
Niliyachemsha; Bi Gertruda wa mlango wa pili
akaja kuuliza napika nini.

Isopodi, nikamwambia.
Si wadudu. Ni ukoo wa kaa na kamba
uliotoka baharini ukasahau njia ya kurudi,
na hadi leo hupumua kwa matamvua yaliyoloa.
Ndiyo maana kila jioni nawanyunyizia maji
kabla sijamimina chai yangu.

Kasha la nne: weupe wenye mabaka meusi, ng'ombe wa maziwa watupu.
La kumi na moja: zambarau, bilinganya iliyoiva.
La saba ni hawa wa kijivu, wa bure,
niliowatoa chini ya chungu cha maua cha parokia.

Humo ndimo, Februari, nilipoinua gome
nikamwona jike la rangi ya chungwa,
mmoja kati ya mia mbili,
kama taa ambayo mtu amesahau kuizima.

Nikamtenga na madume wawili.
Watoto wote kijivu.
Ksawery, kijana wa duka la dawa, akasema: ngoja,
rangi imejificha kwenye damu, itapanda.
Kungoja wa kupanda nakujua.
Wajukuu walikuwa arobaini. Tisa, chungwa.

Hujivua gamba nusu kwa nusu:
leo nyuma, keshokutwa mbele,
na siku za katikati hutembea na rangi mbili,
nusu ya jana, nusu ambayo bado haijakauka.
Kisha hulila gamba lake mwenyewe.
Mwaka wangu wa kwanza wa ujane
ningekuwa na akili hiyo, nisingegawa yale makoti.

Kibati chake kilikuwa 212.
Novemba ile kilibaki msumarini peke yake.
Nilihesabu mara tatu.
Nikainua simu, nikawaambia wakubwa:
mmoja hajapanda.
Sikusema ni wangu.

Leo Ksawery amekuja kununua kumi.
Nawasukuma kwa brashi ya rangi hadi kwenye kijiko,
mmoja mmoja, kwa sauti.
Nikamwongezea wa kumi na moja, wa njiani.
Akawaficha ndani ya koti, kifuani,
maana nje theluji inaanguka kwa ubavu.

Amebakiza sitini na tatu; nimeandika kifunikoni.
Usiku nainua gome kuhakikisha.
Sitini na tatu,
na vumbi jeupe.
Vumbi linatembea.
Jike limefungua kile kifuko cha maji chini ya tumbo,
kijibahari alichokibeba mwezi mzima,
na wametoka, wadogo kuliko punje ya chumvi,
bila rangi yoyote bado.

Nahesabu. Nahesabu tena.
Hailingani.

Nafuta namba kwa kidole chenye mate.
Naisogeza taa.
Kalamu nimeiweka wapi?